Eunos Roadster ya 1992: springi ya mbele imekatika, fundi anataka kuichomelea

Njiro_NA6

Wakuu habari za leo. Naomba msaada wa wanaoijua hii gari, siyo wa kukisia.

Ni Eunos Roadster ya 1992 (ndiyo Mazda MX-5), chasisi NA6CE, injini B6-ZE ya 1600, gia za mkono. Shokapu na springi ni zilezile za kiwandani. Kona ya mbele kushoto imelala. Nikipima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kulia napata sm 35, kushoto sm 32 na ushee. Kwenye matuta ya barabara ya Moshi, hasa kuanzia Tengeru kwenda Usa River, hata ukipanda kwa mwendo wa kinyonga inagonga chuma kwa chuma. Halafu ukikata usukani gari ikiwa imesimama kuna mlio mmoja mkavu, "tak", unausikia mpaka miguuni.

Nimeingiza simu nyuma ya tairi nikapiga picha. Springi imekatika chini kabisa. Kipande cha kama mzunguko mmoja na robo kimelala kwenye sahani ya shokapu, na ncha ya springi iliyobaki imekaa juu yake. Pale ilipokatika, nusu ni kutu ya kahawia, nusu inang'aa kama chuma kipya.

Gereji moja maeneo ya Unga Limited hapa Arusha wamenipa njia tatu: waichomelee, au wafunge springi ya Corolla "tunaikata inakaa", au wabane mpira wa springi katikati nisogeze siku. Ipi kati ya hizo inaweza kunivusha mpaka nipate spea? Ninunue springi moja au mbili? Na kufika gereji, niendeshe au nipakie?

---

ChumaMoto

Mkuu, kwa hizo njia tatu jibu ni hapana, hapana, na hapana. Sababu nakupa, maana fundi akishindwa hoja huja na njia ya nne.

Waya wa springi siyo nondo. Kiwandani unapashwa moto mpaka unakuwa mwekundu, unazamishwa kwenye mafuta upoe ghafla, kisha unapashwa tena kwa moto wa chini ili ugumu upungue na mnepo upatikane. Ukiugusa na welding umefuta kazi yote hiyo. Pembeni ya mshono chuma kinakuwa kikavu kama kioo, mbele yake kidogo kinakuwa laini. Ndiyo maana springi iliyochomelewa haikatiki kwenye mshono wenyewe, inakatika sentimita moja au mbili kando yake. Na itachagua kona, kwa sababu kwenye kona ndipo tairi la nje linabebeshwa uzito wa mwenzake.

Hiyo rangi mbili uliyoiona ni historia nzima ya springi yako. Sehemu ya kutu ni ufa wa siku nyingi, maji na vumbi vimekuwa vikiingia humo. Inayong'aa ni nyama iliyobaki ikibeba gari peke yake mpaka ikaachia. Mwanzo wake mara nyingi ni kokoto: inachubua rangi, kutu inachimba kitobo, ufa unaanzia kwenye kitobo. Mzunguko wa chini ndio unaoumia kwanza kwa sababu ile sahani ya shokapu inatunza tope. Gari zilizotoka Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huanza kuliwa kabla hazijapanda meli. Kwa hiyo usinunue moja. Ya kulia imekula chumvi ileile na matuta yaleyale.

Kuhusu Corolla. Mbele ya Corolla springi imesimama juu ya nako (chuma kinachobeba habu ya tairi na kugeuka na usukani), karibu na tairi, hivyo tairi likipanda sm 10 springi nayo inabonyea karibu sm 10. Roadster ina mikono miwili kila kona, wa juu na wa chini, inayoshika nako, na shokapu imeshika mkono wa chini mahali fulani katikati. Tairi likipanda sm 10, springi inabonyea kama sm 7. Ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7, yaani karibu nusu ya ugumu wa springi yenyewe. Hesabu ya Corolla haihamii huku hata ikikaa vizuri kwa macho.

Macho yenyewe hayasaidii. Ugumu wa springi unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa mm 12 badala ya mm 11 umeongeza ugumu kwa asilimia 40 hivi, na hiyo milimita moja bila venia (kipimo cha unene) huioni. Kukata nako kunakaza: springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiiacha na 5, imekuwa ngumu kwa asilimia 20 na fupi juu yake. Ndiyo hali ya kona yako sasa hivi, fupi, ngumu, na shokapu inafika mwisho wa safari yake kwenye kila tuta. Huo ndio mgongano unaousikia.

Mpira wa springi unaziba mizunguko miwili isifanye kazi, kubonyea kote kunahamia kwa iliyobaki. Kwenye springi nzima unaharakisha ufa. Kwenye iliyokatika haufanyi lolote isipokuwa kukupa moyo.

Gari ipakie. Ile ncha iliyokatika imekaa juu ya kipande kwa bahati tu. Ikiteleza, springi inashuka na ncha inaweza kufika kwenye ukuta wa ndani wa tairi. Wakati wa kupakia, ndoano ishike pete ya kuvutia, isishike mkono wa chini wala stabilaiza (fimbo inayounganisha kona ya kushoto na ya kulia).

---

Spana17

Nakubaliana na yote hapo juu, ila kuna kitu kimepitwa. Huo mlio wa "tak" unapokata usukani *siyo springi*.

Kwenye gari zenye shokapu iliyofungwa kwenye nako, kama hiyo Corolla, ukikata usukani shokapu yote inazunguka na springi yake. Ikikatika, inaruka na kupiga kelele kila ukigeuza. Mafundi wengi wamezoea hivyo, wakisikia mlio wa usukani pamoja na springi iliyokatika wanaunganisha moja kwa moja. Roadster shokapu haizunguki. Inayozunguka ni nako peke yake, kati ya boljointi ya juu na ya chini (maungio ya mpira wa chuma yanayoishika kwenye mikono). Kwa hiyo mlio ukitoka usukani unapogeuzwa, tafuta kwenye boljointi hizo mbili, tairodi (fimbo inayosukuma nako kutoka kwenye raki), au bolti zinazoshika raki ya usukani. Ukibadilisha springi tu ukaondoka, utarudi.

Upimaji wenyewe dakika kumi, ila jeki ikae mahali sahihi. Weka chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, inyanyue mpaka tairi liachane na ardhi vidole viwili. Springi inasukuma mkono wa chini, kwa hiyo jeki ikikaa pale boljointi ya chini inapumzika na mchezo wake unaonekana. Kabla ya kunyanyua hakikisha ile ncha ya springi haielekei usoni kwako, na matairi ya upande wa pili yawekee vizuizi.

Shika tairi juu na chini, litikise. Mwenzako achungulie nyuma na tochi, aweke kidole kwenye maungio. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki halafu tikisa tena: mchezo ukipotea ni beringi ya habu, ukibaki ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, hapo unapima tairodi. Angalia na magamba ya mpira yanayofunika boljointi. Vumbi letu la huku ni laini kama unga. Gamba likipasuka, grisi ikichanganyika na hilo vumbi inakuwa msasa.

---

Njiro_NA6

Spana17 umepatia. Nimepima kama ulivyosema. Juu na chini linacheza, na breki ikiwa imekanyagwa bado linacheza. Boljointi ya juu gamba limechanika nusu duara, ndani hakuna grisi, kuna unga mweusi. Ya chini gamba zima, haina mchezo. Tairodi salama.

Sasa dukani naambiwa boljointi ya juu haiuzwi peke yake. Ni kweli au wananitafutia gharama?

---

MzigoWaDar

Ni kweli mkuu, hawakudanganyi. Kwenye NA (toleo la kwanza la Roadster, kama lako) boljointi ya chini ya mbele inafungwa kwa bolti, inauzwa peke yake. Ya juu kiwandani inakuja na mkono wa juu mzima. Gamba la mpira ndilo linapatikana peke yake, na hilo linunulie upande wa kulia hata kama bado halijachanika.

Kuna watu watakuambia tupeleke kwa mkereza atoe boljointi, aweke ya gari nyingine. Ule mkono ni chuma chembamba, na sehemu ya boljointi haikutengenezwa kufunguliwa. Akikosea kipenyo kwa kidogo, kitu pekee kinachoshikilia juu ya tairi lako kinategemea weldi. Nunua mkono, hata wa mtumba, mradi boljointi yake iwe ngumu kugeuza kwa mkono na izunguke bila kukwama mahali.

Orodha yako ya kona mbili za mbele:

springi 2; stopa za sponji zinazokaa kwenye fimbo ya shokapu 2; magamba ya vumbi 2; mipira ya juu ya springi 2; mkono wa juu wa kushoto 1; gamba la boljointi la kulia 1; kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) mpya 2; bushi za linki za stabilaiza kama zimechoka.

Stopa usizisahau, naona watu wengi wanaziruka. Hii gari ina safari fupi ya shokapu tangu kiwandani, na stopa ni sehemu ya springi, inaguswa kwenye matuta ya kawaida kabisa. Baada ya miaka thelathini sponji inakatika kama keki kavu. Ukifungua yako utakuta makombo. Bila stopa, springi mpya itapigwa vilevile kama ya zamani.

Shokapu ziangalie zikiwa nje. Fimbo ikiwa na mikwaruzo, au mwili umelowa mafuta siyo vumbi lenye unyevu tu, badilisha zote mbili. Ya kushoto imekuwa ikigonga mwisho, mimi nisingeirudisha.

Namna ya kuagiza. Usiseme "springi ya Roadster". NA6CE ni 1600, NA8C ni 1800 kuanzia 1993, NB ni ya 1998 kuendelea. Toa namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bodi nyuma ya injini, isomwe kwenye katalogi. Vyanzo kwa mtu wa Arusha: Kariakoo na Gerezani kule Dar kwa vitu vya kawaida kama bushi na kotapini, Nairobi kupitia Namanga, au kuagiza Japani moja kwa moja. Kwa springi za hii gari mimi ningeanzia Japani. Huku hazikai dukani, na "inaingia" ya muuza duka huwa ina maana ya "inalingana kwa urefu".

Ukipata mtumba, omba picha ya mzunguko wa chini peke yake, karibu, ikiwa imesafishwa. Rangi ikiwa imebanduka hadi chuma, acha. Omba pia unene wa waya kwa venia na urefu ikiwa huru, kwa zote mbili. Zikitofautiana si jozi.

Kitu kimoja cha kukuokoa: kona kamili za NB, yaani shokapu, springi na kofia yake ya juu vikiwa vimefungwa pamoja, zinaingia kwenye NA bila kukereza chochote. Sharti viende pamoja, na uweke kona zote nne. Kofia ya NB na springi ya NA usivichanganye, kimo kinabadilika.

---

Chalii_Sombetini

Kwa nini asiweke seti za kurekebisha kimo, zile za kuzungusha nati? Springi, shokapu, vyote kwa pamoja, anamaliza na hadithi ya spea za zamani.

---

ChumaMoto

Chalii wangu, kwa barabara ya lami nyororo sawa. Seti nyingi za bei rahisi zinakuja na springi ngumu kupindukia na kofia ya juu ya beringi ya chuma isiyo na mpira. Gari ina kama kilo 950 tu. Kwenye barabara za ndani za Njiro na Moshono haitaelea, itaruka, na kelele ya kofia itaanza msimu wa kwanza wa vumbi. Pia watu wakiishapata nati ya kuzungusha wanateremsha gari, na Roadster ikiteremshwa sm 3 unakaa juu ya stopa muda wote. Kama ni seti nzuri na anaiacha kwenye kimo cha kiwandani, sina ugomvi.

---

Njiro_NA6

Nimeagiza springi mbili, shokapu mbili, stopa na mkono wa juu kwa namba ya chasisi. Kibanio cha springi nitaazima. Naomba mpangilio wa kazi, nimsimamie fundi.

---

Spana17

Twende taratibu, nitakaa zaidi pale panapoumiza watu.

Siku moja kabla, paka dawa ya kutu kwenye bolti ya chini ya shokapu, nati za linki za stabilaiza, na bolti ndefu ya mkono wa juu. Rudia jioni.

Kunyanyua: jeki chini ya krosimemba ya mbele (chuma kinene kinachokatiza chini ya injini), stendi kwenye ule ukingo wa chini wa bodi nyuma ya tairi la mbele, penye alama ya kiwandani. Yale mabomba mawili yanayopita chini ya sakafu yanafanana na chasisi lakini ni bati, yanabonyea kama kopo. Ukikuta yamebonyea tayari, kuna fundi amepita hapo.

Toa matairi yote mawili. Fungua linki za stabilaiza pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja, fimbo ya stabilaiza inashikilia mkono juu na utadhani kuna kitu kimekwama.

Juu, ndani ya boneti, kila shokapu ina nati mbili zinazoshika kofia kwenye bodi, spana ya 14. Hizo ndizo unazofungua. Katikati kuna nati moja ya fimbo ya shokapu. Hiyo usiiguse. Ndiyo inayozuia springi isitoke. Mtu akiifungua gari ikiwa hivi, kofia inaruka na kila kitu kilicho juu yake. Legeza hizo mbili za pembeni, acha moja iwe imeshika kwa mkono.

Boljointi ya juu: toa kotapini, legeza nati lakini usiitoe yote, kisha tumia kivutio kuachanisha. Fundi akiinua nyundo apige nyuzi, mzuie. Ule uma wa kupigia unachana gamba, ila mkono wa juu wa kushoto unatupwa na boljointi yake, kwa hiyo huko anaruhusiwa. Kulia hapana, boljointi yake inarudi kazini. Kabla nako haijaachia, ifunge kwa waya kwenye bodi. Ikining'inia kwa paipu ya breki ya mpira umejitafutia kazi ya pili.

Sasa toa bolti ya chini ya shokapu na ile nati ya kofia iliyobaki juu, sukuma mkono wa chini kwa bomba refu, shokapu inatoka. Upande wa kushoto utatoka kirahisi kwa sababu springi ni fupi. Usijipime kwa huo, wa kulia una springi nzima na unataka watu wawili.

Bolti ya chini ikiwa imeshikana na kichuma cha ndani cha bushi, utaiona: inazunguka na bushi inazunguka nayo. Irudishe mbele na nyuma robo mzunguko, dawa tena. Moto wa gesi unachoma mpira, uutumie tu kama shokapu inatupwa, ambayo kwako inatupwa.

Kibanio. Hapa ndipo nataka umakini wako, na kona ya kushoto ndiyo hatari zaidi, siyo kulia. Springi iliyokatika bado ina nguvu ndani yake, na mizunguko yake haiko sawa, hivyo makucha ya kibanio yanateleza kuelekea ncha. Toa kwanza kile kipande kilicholala kwenye sahani kama kinatoka chenyewe. Makucha yakae pande mbili zinazotazamana, yashike mizunguko mingi iwezekanavyo, siyo ule wa mwisho. Kaza kwa mkono, nusu mzunguko huku, nusu kule. Mashine ya upepo hairuhusiwi, inapasha nyuzi joto na kuzila. Mnyororo na waya wa kufungia, ambavyo utaviona gerejini, havipunguzi nguvu ya springi, vinaificha tu. Springi ikiishaachana na sahani zote mbili na kuzungushwa kwa mkono, ndipo nati ya katikati inafunguliwa, kichwa cha kila mtu kikiwa pembeni, siyo juu.

Kabla ya kutenganisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye kofia hadi kwenye tundu la chini la shokapu. Kofia ikikaa digrii chache pembeni, bushi ya chini inapindwa maisha yake yote.

Kupanga upya: stopa, gamba la vumbi, springi, mpira wa juu, kofia. Ncha ya chini ya springi iguse ile ngazi kwenye sahani, isiipande. Ikiipanda, springi itajizungusha siku ya kwanza, gari itashuka upande mmoja na utatupigia kelele hapa kwamba springi mpya ni feki.

Mkono wa juu: bolti moja ndefu inapita ndani ya bushi mbili. Safisha kutu, paka grisi nyembamba kwenye mwili wake, siyo kwenye nyuzi. Nati ya boljointi ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la kotapini lisipolingana songa *mbele* mpaka lilingane. Kurudi nyuma hapana.

Sasa jambo ambalo nimeona likiharibu bushi nyingi kuliko mashimo ya barabara. Bolti ya chini ya shokapu na bolti ndefu ya mkono wa juu hazikazwi gari ikiwa hewani. Bushi ya mpira imeshikana na kichuma chake cha ndani, ukikaza bolti kichuma hicho kinaganda. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, gari ikishuka mpira unabaki umesokotwa saa zote, gari inasimama juu kuliko inavyotakiwa, na baada ya miezi michache mpira unachanika. Ingiza bolti, kaza kwa vidole. Kisha weka jeki chini ya mkono wa chini karibu na boljointi, nyanyua mpaka kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda upate sm 35 zako. Hapo kaza. Sentimita moja zaidi au pungufu haina madhara.

Vipimo: bolti ya chini ya shokapu 73 hadi 93 Nm, nati mbili za kofia 29 hadi 36 Nm, nati za tairi 88 hadi 118 Nm. Nati za kofia zinavunjwa sana kwa sababu watu wanazikaza kama za tairi. Linki za stabilaiza funga mwisho, pande zote mbili gari ikiwa imekaa sawa.

---

MistariMinne

Naongeza ya alaimenti, maana mkono wa juu ukibadilishwa camba (mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele) haiwezi kubaki ilivyokuwa.

Roadster ina bolti za kizungushio (ukizizungusha mkono unasogea) mbili kwa kila mkono wa chini, kona zote nne. Jumla nane. Wapimaji wengi wa mjini wanarekebisha mwelekeo wa matairi ya mbele kwa tairodi, wanachapa karatasi, basi. Hapo hujafanya alaimenti. Uliza kabla ya kupanda: "Mnarekebisha camba na kasta mbele, na camba na mwelekeo nyuma?" Kasta ni mlalo wa mhimili ambao tairi linageukia, ukiutazama kwa ubavuni. Wakisema gari hii haina marekebisho nyuma, shukuru uondoke.

Hizo bolti nane zinaganda. Kabla hujaenda, chora alama kwenye sahani ya kila kizungushio na bodi, legeza nati, jaribu kuzungusha bolti kidogo kisha irudishe kwenye alama. Ikikataa, jua mapema, siyo ukiwa juu ya mashine. Usiilazimishe kwa bomba refu, kichwa kitakatika na kipande kitabaki ndani ya bushi.

Kwa matumizi ya kawaida mjini na safari za Moshi mimi ningeomba: mbele camba kati ya digrii hasi 0.5 na hasi 1, kasta kama digrii 4.5 hadi 5, zikilingana kushoto na kulia, na matairi yakitazamana ndani kwa mm 0 hadi 1.5 jumla. Nyuma camba digrii hasi 1 hadi hasi 1.5, yakitazamana ndani mm 2 hadi 3 jumla. Nyuma yasitazame nje hata kidogo. Gari ya kusukumwa na matairi ya nyuma ikiwa hivyo, mvua ikinyesha utajua hujui. Tangi liwe nusu, na wewe ukae kwenye kiti wakati wa kupima, kwa gari nyepesi namna hii uzito wa dereva unaonekana kwenye namba.

---

Njiro_NA6

Shukrani sana. La mwisho: springi mpya zinashuka kidogo baada ya kuanza kutembea. Alaimenti nifanye siku hiyohiyo au nisubiri?

---

MistariMinne

Siku hiyohiyo weka mwelekeo wa mbele tu, ili usile matairi. Camba na kasta subiri kilomita 300 hadi 500, springi zikae mahali pake. Kilomita 100 za kwanza zikiisha, kaza tena nati za tairi kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), gusa bolti za chini za shokapu, na upime fenda upya: kushoto na kulia tofauti isizidi sm 1. Ikizidi, chungulia kwanza kama ncha ya springi imekaa kwenye ngazi yake kabla hujamlaumu aliyekuuzia.